Mafuta ya Ndege: Niliyojifunza Tulipoiomba Marekani Iwawekee Vikwazo Majenerali wa Myanmar

Majenerali wa Myanmar walipotwaa madaraka alfajiri ya tarehe 1 Februari 2021, sisi tulio Saint Paul, jimbo la Minnesota, tulikuwa bado katika Jumapili ya tarehe 31 Januari. Niliingia zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nikamkuta mwenzangu wa zamu, mama wa Kikaren, moja ya makabila ya Myanmar, ameketi katika chumba cha kubadilishia nguo na simu mbili mapajani. Moja ilikuwa ikiita bila kupokelewa, na nyingine ikimletea picha za magari ya kijeshi yaliyojipanga barabarani. Nilimpa pole, tukaanza kazi. Pole ile ndiyo iliyonitumbukiza katika shughuli ya zaidi ya miaka minne, na naandika haya kwa sababu makosa tuliyoyafanya yanaweza kuepukwa na Waswahili wenzangu walio ughaibuni, ambao nao wana majenerali wao wa kuwalalamikia.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini niliyekulia na baadaye kufundisha katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma. Mwenzangu yule alikulia Mae La, kambi iliyo upande wa Thailand wa mpaka wa Myanmar, na hapa Minnesota ndiko iliko jumuiya kubwa kuliko zote ya Wakaren nchini Marekani. Watu waliolelewa kambini hutambuana upesi. Tulikuwa tumekwisha kulinganisha foleni za mgawo na nyumba za miti na majani muda mrefu kabla ya mapinduzi. Baba yake, ambaye kila mtu humwita Thara, yaani mwalimu kwa Kikaren, aliposikia kwamba nami nilikuwa nikiitwa mwalimu Nyarugusu, alianza kuniita Thara pia, nami nikamwita Mwalimu, na hadi leo tunaitana hivyo.

Nilipokwenda kumpa pole mzee huyo nilishangaa kumkuta hana mshtuko. Kwa Wakaren, tarehe 31 Januari ni kumbukumbu ya siku walipoanza kupigana na serikali kuu mwaka 1949, na kwake yeye mapinduzi ya 2021 yalikuwa ukurasa mwingine tu wa kitabu kilekile. Walioshtuka walikuwa vijana wa mjini wa Kiburma, kabila kubwa la nchi hiyo, waliozoea miaka kumi ya uchaguzi na intaneti. Tofauti hiyo ya umri wa maumivu ilitusumbua baadaye kuliko tofauti ya lugha au ya dini.

Walipoanza kuunda kikundi cha kuomba vikwazo, niliombwa kusaidia kwa sababu mbili zisizo na utukufu wowote: nilikuwa nimepata uraia mwaka 2019, hivyo nilikuwa mpiga kura, na nilikuwa na mazoea ya kuandika kumbukumbu za vikao. Nilisita. Sikuwaeleza wakati ule kwamba neno vikwazo kwangu lina uchungu wake. Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria kubwa ya mageuzi ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaeleze iwapo bati, tantalamu, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Congo au kwa majirani zake, ili makundi yenye silaha yakose fedha. Septemba mwaka huohuo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Zuio hilo liliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi wengi wakubwa hawakurudi, maana kuikwepa Congo yote kulikuwa rahisi kuliko kuchunguza gunia moja moja. Wachimbaji waliiita Loi Obama. Mjomba wangu, aliyekuwa akichimba kasiteriti, yaani mawe yenye bati, alinipigia simu kambini akaniuliza, kana kwamba mimi mkimbizi ningejua, Obama amemkosea nini. Watoto wake wawili waliacha shule mwaka ule. Wenye bunduki hawakuacha kitu, kwani walihamia kwenye dhahabu, ambayo huvukishwa mpaka mfukoni.

Kwa hiyo nilipoketi katika kikao cha kwanza, katika ukumbi wa chini wa kanisa, nikiwa na barakoa na daftari, nilikuwa mtu asiyeamini sana alichoitiwa.

Kikao hicho kilidumu saa tatu, na saa moja na nusu iliishia kwenye jina. Waliotaka tuandike Burma walisema jina la Myanmar lilibandikwa na wanajeshi mwaka 1989 bila kumuuliza mtu. Waliotaka Myanmar walisema Burma ni jina la kabila moja. Kijana mmoja Mrohingya, wa jamii ya Waislamu walio wachache huko Myanmar, aliyesafiri kutoka mji mwingine alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kikundi hiki kitawataja watu wake, zaidi ya 700,000, waliofukuzwa hadi Bangladesh kuanzia Agosti 2017, wakati wengi wa waliokuwa wakilia sasa walipokuwa kimya. Hakuna aliyemjibu usiku ule. Wiki iliyofuata mama mmoja wa Kiburma alisimama akamwomba radhi mbele ya watu wote, na naamini kikundi chetu kilizaliwa siku hiyo, si siku tuliyochagua mwenyekiti. Anayeanzisha kazi ya namna hii asiziogope saa hizo za mabishano wala asizikate kwa kura ya haraka. Lisiloongelewa ukumbini litaongelewa mbele ya msaidizi wa mbunge, nasi tuliliona hilo likiwatokea wenzetu wa mji mwingine.

Kosa letu la kwanza kubwa lilitugharimu miezi mitatu. Bibi mmoja Mmarekani wa kanisa hilo, aliyepigania vikwazo dhidi ya makaburu wa Afrika Kusini ujanani mwake, alitueleza kwamba mwaka 1996 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria iliyoyaongezea asilimia 10 kwenye bei ya zabuni makampuni yaliyofanya biashara na Burma, na kwamba makampuni kama Apple na Kodak yaliondoka huko. Tulifurahi mno. Bunge la jimbo letu liko mjini mwetu, hata basi la mjini linafika. Tulikusanya saini, tukaandika rasimu, tukapanga miadi. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliyekuja kutusaidia ukalimani ndiye aliyeuliza kwa upole kama tunajua kilichoipata sheria ile. Juni 2000 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa pamoja, iliifuta katika kesi ya Crosby, kwa kuwa Bunge la taifa lilikuwa limekwisha kutunga sheria yake ya vikwazo miezi mitatu tu baada ya ile ya Massachusetts na kumpa Rais uamuzi. Mambo ya nje ni ya Washington. Saini zetu mia tisa bado ziko katika sanduku nyumbani kwangu. Kabla hamjabisha hodi mahali popote, ulizeni kwanza kama mwenye nyumba hiyo anacho mnachokitafuta, na swali hilo mwulizeni mtu wa sheria, hata kama ni mwanafunzi.

Kosa la pili lilifuata mara tulipogeukia Washington. Mwaka ule majengo ya Bunge yalikuwa yamefungwa kwa umma kwa ajili ya UVIKO na vurugu za tarehe 6 Januari, hivyo mikutano yote ilifanyika kwa Zoom. Tulipata dakika ishirini na msaidizi wa mbunge mmoja anayeshughulikia mambo ya nje. Tuliingia watu kumi na saba, na karatasi yetu ilikuwa na madai kumi na moja: kutambuliwa kwa serikali ya upinzani, silaha, mahakama ya kimataifa, misaada ya mpakani, vibali vya ukaazi, gesi, benki, vito, na mengine niliyoyasahau hata mimi niliyeyaandika. Msaidizi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alisikiliza kwa adabu. Zilipobaki dakika mbili akauliza: Mngependa mbunge afanye nini wiki hii? Tulitazamana kwenye vioo vya simu. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, wawili walianza kusema kwa wakati mmoja, na muda ukaisha. Wahenga wetu walisema mtaka yote hukosa yote, nami nilikuwa nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka bila kudhani kwamba itaniumbua.

Hapo ndipo nilipowasimulia habari za mjomba. Niliwaambia sitaki kushika kalamu kuandika ombi ambalo mtoto wa mtu fulani huko Hpa-An, mji wa jimbo la Wakaren, ataacha shule kwa ajili yake. Nilidhani watanikasirikia. Kumbe yule mama wa zamu ya usiku alikuwa na hadithi pacha. Mei 2003 msafara wa Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani wa wakati ule, ulishambuliwa mjini Depayin, na Julai mwaka huo Marekani ikapiga marufuku bidhaa zote za Burma. Viwanda vya nguo vikafungwa, wasichana kwa maelfu wakapoteza kazi ya kushona, binamu yake akiwamo, ilhali gesi ya Yadana, inayochimbwa baharini, iliendelea kutiririka kwenda Thailand na fedha zake kuingia kwa majenerali. Walioshona walilipa, na waliouza gesi wakapokea.

Tulikaa vikao vinne juu ya swali moja tu: ni kitu gani ambacho jeshi linakihitaji na mkulima hakihitaji? Jibu lilitoka kwa Thara, ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni. Alisema: Mkulima hanunui mafuta ya ndege. Tarehe 27 Machi 2021, siku ya maadhimisho ya jeshi, ndege za kivita zilidondosha mabomu katika eneo la Wakaren kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini, na kijiji cha Day Bu Noh, ambako alikuwa na jamaa, kilikuwa miongoni mwa vilivyopigwa. Ndege hizo hazijazi matangi kwa maji ya mto. Mafuta huingia kwa meli, meli ina bima, bima ina benki, na benki nyingi zinaiogopa Wizara ya Fedha ya Marekani kuliko zinavyomwogopa Mungu. Toka siku hiyo karatasi yetu ilikuwa na madai mawili: mafuta ya ndege, na MOGE, yaani kampuni ya serikali ya mafuta na gesi, ambayo ilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha fedha za kigeni kwa utawala ule. Katika kila ofisi tulitaja dai moja tu. Lile la pili liliachwa mezani kwa maandishi.

Si kila mtu alikubali. Kijana mmoja hodari aliondoka kikundini akisema tumegeuka makarani, tunaomba mafuta wakati watu wanaomba bunduki. Alikuwa na haki ya kuudhika, nami nilimkosa sana baadaye, maana ndiye aliyejua kutengeneza video.

Sasa niseme namna kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa wasiowahi kuifanya. Mbunge humsikiliza mtu wa jimbo lake la uchaguzi. Simu inapopokelewa, jambo la kwanza unaloulizwa ni jina na msimbo wa posta wa unakoishi, na ukiwa si wa jimbo hilo simu yako haina uzito. Wakati fulani nilishawishi watu arobaini wampigie seneta mashuhuri wa jimbo jingine kwa wiki nzima, na sidhani kama simu hata moja iliandikwa. Mbunge mwenyewe mtamwona kwa nadra, kwa hiyo mtu wa kumjua ni msaidizi wake wa mambo ya nje, na mkumbuke kwamba wasaidizi hawa huhama kila mara. Ofisi moja imebadilisha watatu tangu tuanze, na kila mara tumeanza upya kueleza Karen ni wapi. Barua za posta kwenda Washington huchelewa sana kwa sababu tangu barua zenye kimeta za mwaka 2001 hupitishwa kwanza kwenye ukaguzi, na zetu zaidi ya mia mbili, zilizoandikwa kwa mkono kwa kazi kubwa, zilifika baada ya jambo kupita. Pelekeni barua katika ofisi ya mbunge iliyo jimboni, mkononi, mkapige na picha ya pamoja kama wanaruhusu. Wenye grini kadi wanaweza kushiriki kikamilifu katika kuomba na kupiga simu, kwa hiyo wasifichwe nyuma, lakini mkimwambia mtu ni mpiga kura wakati siye, mmevunja imani ambayo haitengenezeki. Na kama mnatumia chama cha kanisa au cha hisani, jueni kwamba sheria inaruhusu kiasi fulani cha ushawishi wa miswada, lakini hairuhusu kabisa kumpigia debe mgombea. Tulishauriwa pia tusibebe ujumbe kwa niaba ya serikali yoyote ya nje, hata ile ya upinzani tuliyoipenda, kwa sababu ipo sheria tangu mwaka 1938 inayomtaka anayefanya hivyo ajisajili rasmi. Tulisema kwa vinywa vyetu wenyewe, kama wakazi wa Saint Paul.

Muswada wa vikwazo uliobeba matumaini yetu uliwasilishwa Oktoba 2021, na Baraza la Wawakilishi likaupitisha Aprili 2022. Tulipika wali na kitoweo, tukacheza. Hatukujua kwamba muswada unaweza kupita upande mmoja ukakaa upande wa pili hadi Bunge la miaka miwili linapokwisha, na ukifa hapo, hufa kabisa, lazima uzaliwe upya. Miezi minane ilipita bila Seneti kuugusa. Katika miezi hiyo, Julai 2022, majenerali waliwanyonga wafungwa wanne wa kisiasa, akiwamo aliyekuwa mbunge Phyo Zeya Thaw, na watu wetu wakaanza kuacha kuja vikaoni kwa sababu, kama mmoja alivyoniambia, alikuwa amechoka kuongea na mashine ya kujibia simu. Mwishowe sehemu za muswada ziliingizwa ndani ya sheria kubwa ya kila mwaka ya bajeti ya ulinzi, iliyotiwa saini tarehe 23 Desemba 2022. Kwa upande wa MOGE, neno lililokuwemo lilimruhusu Rais kuiwekea vikwazo bila kumlazimisha. Nilijifunza usiku ule, nikisoma ukurasa baada ya ukurasa wa Kiingereza cha wanasheria, kwamba miaka miwili ya watu inaweza kutundikwa kwenye kitenzi kimoja kidogo.

Nimefika mahali ambapo ningependa kupapita haraka, lakini haingekuwa haki.

Mwishoni mwa 2021 tulipiga picha ya kikundi baada ya mkutano mzuri, wote tumeinua vidole vitatu, ishara ya kuwapinga majenerali, nami niliiweka kwenye ukurasa wetu nikaandika na majina, kwa fahari. Sikumuuliza mtu. Baada ya wiki tatu mmoja wetu alipokea simu kutoka nyumbani: watu wa usalama walikuwa wamekwenda kwa kaka yake wakiwa na picha hiyo ndani ya simu yao. Walimchukua siku nne. Alirudi, na sitaeleza hali aliyorudi nayo. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwa huyo mwenzetu, nikapewa chai, nikaambiwa si kosa langu. Lilikuwa kosa langu. Mimi niliyetoka Kivu, ninayejua orodha ya majina inaweza kufanya nini mikononi mwa mwenye bunduki, niliandika orodha mwenyewe na kuipamba. Tangu hapo hakuna picha inayotoka bila kila aliyemo kukubali peke yake, faraghani, si kwa kunyoosha mikono ukumbini ambako mtu huona haya kukataa. Wenye ndugu walioko ndani ya nchi hawatajwi, na orodha ya wanachama iko kwenye karatasi, kwa mtu mmoja.

La pili ni la Washington yenyewe. Tarehe 11 Aprili 2023 ndege za jeshi zilipiga mkusanyiko wa wanakijiji huko Pazigyi, mkoa wa Sagaing, wakafa watu zaidi ya 160, wakiwamo wanawake na watoto. Wiki chache baadaye tulikodi gari la abiria kumi na wawili, madereva wawili wakipokezana, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Saint Paul. Tuliona hoteli ni ghali, tukalala sakafuni katika kanisa la Wachin, kabila jingine la Myanmar, huko Maryland. Tulikuwa na miadi saba kwa siku moja, na shahidi wetu alikuwa mama kijana aliyefiwa na mdogo wake kwa bomu la ndege. Alisimulia saa tatu asubuhi, akasimulia tena saa nne, na tena saa sita. Mkutano wa nne ulifanyika kwenye korido, kwa kuwa chumba kilikuwa na wageni wengine, watu wakipita na vikombe vya kahawa huku yeye akieleza namna walivyomtambua mdogo wake kwa kandambili. Katika ofisi ya tano alifungua mdomo sauti ikakataa. Nilikuwa mkalimani msaidizi, na badala ya kumtoa nje, nilianza kumsimulia mimi, kwa ufasaha, kama somo. Aliniangalia. Sijasahau namna alivyoniangalia. Kwenye gari wakati wa kurudi hakusema na mtu hadi Ohio.

Huzuni ya mtu si karatasi ya kugawa ofisini. Tunachofanya sasa ni hiki: shahidi husimulia mara moja kwa siku, mahali penye kiti na mlango wa kufunga, naye ndiye anayeamua aanzie wapi na akomee wapi. Ofisi nyingine zote hupelekewa hoja za meli, bima na benki na watu wasiofiwa. Na nitakiri jambo lililoniuma: ofisi iliyofanya kitu baada ya safari ile, kwa kusaini barua ya pamoja ya wabunge kwenda Wizara ya Fedha, ilikuwa ile ya sita, ambayo haikusikia simulizi yoyote. Tuliwapa ukurasa mmoja juu ya mafuta ya ndege, wakauliza maswali mawili, wakasema watarudi kwetu, na wakarudi.

Kuhusu fedha nitasema waziwazi, kwa kuwa watu hudhani kazi hizi zina mfadhili. Safari ile iligharimu takriban dola 2,900, nusu yake ikitokana na kuuza vyakula kwenye sherehe ya mwaka mpya wa Kikaren, na nusu kutoka mifukoni. Mimi binafsi nilipoteza zamu kumi na nne katika mwaka mmoja, na mke wangu aliniuliza, bila ukali, kama Kivu imekwisha matatizo hadi nihamie ya Waburma. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia hawa walinifundisha kuomba, na siku ya kuomba ya kwetu nitakuwa najua mlango.

Je, vikwazo vilikuja? Vilikuja vipande vipande, na ni ujinga kudai vililetwa na sisi. Walikuwapo watu wengi kuliko sisi, wenye wanasheria na ofisi. Total na Chevron walitangaza kuondoka Januari 2022, na Umoja wa Ulaya ukaiwekea MOGE vikwazo mwezi uliofuata. Marekani ilianza kuwagusa waingizaji wa mafuta ya ndege Machi 2023, ikaziwekea vikwazo benki mbili za serikali za fedha za kigeni Juni, ikapanua mamlaka yake juu ya mafuta ya ndege Agosti, na tarehe 31 Oktoba 2023 ikatangaza kuwakataza Wamarekani kuipa MOGE huduma za kifedha kuanzia Desemba. Siku ya tangazo hilo Thara alinipigia, akataka nimsomee mara tatu. Ndege hazikuacha kuruka. Mafuta yalitafuta njia za kuzunguka, kwa wafanyabiashara wa kati na maghala ya nchi nyingine. Bado nasema ilikuwa afadhali kuomba hivyo kuliko kuomba kila kitu, kwa sababu kila niulizapo nani ameumizwa na ombi letu, sijaonyeshwa mshonaji wala mchimbaji.

Yanayotolewa huweza kurudishwa. Julai 2025 Wizara ya Fedha iliwaondoa kwenye orodha baadhi ya washirika wa majenerali pamoja na makampuni yao. Habari ilitufikia Alhamisi. Kikundi chetu cha watu sitini kilikuwa kimebaki na kumi na wawili, msaidizi tuliyemzoea alikuwa amehama tena, na mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimevua viatu tu. Nilipofika kwa Thara nilimkuta mezani na simu ameiegemeza kwenye kopo la chai. Ana sentensi tatu za Kiingereza alizozikariri tangu 2021: jina lake, msimbo wake wa posta, na ombi, ambalo sehemu yake ya mwisho hubadilishwa na binti yake kila mara na kuandikwa kwa herufi za Kikaren. Alizisema zote tatu bila kukwama, akashukuru, akakata simu. Kisha akafungua daftari, akaandika tarehe chini ya safu ndefu ya tarehe, akaniuliza kama mimi nimekwisha kupiga ya kwangu.

Nilikuwa bado.